Katuni Iliyohamisha Mguu wa Baba

— Hesabu miguu yangu, Honorine.

Nilikuwa namimina maziwa kwenye bakuli la fundi viatu, katika duka letu la supu na maziwa, nikajua hapohapo kwamba siku imeharibika. Baba yangu akikasirika hapandishi sauti, anaishusha.

— Baba, wateja wanasikia.

— Waache wasikie. Hesabu.

— Mmoja wa nyama, mmoja wa mti.

— Wa mti ni upi?

— Wa kushoto.

— Vizuri, macho unayo. Sasa niambie huyu ni nani.

Akaliweka gazeti mezani, katikati ya mabakuli ya supu. Lilikuwa bado linanuka wino. Ukurasa wa mbele alikuwepo baba yangu mzimamzima, Théodule Garandeau, sajenti mstaafu, na masharubu yake na nishani yake kifuani, amesimama mbele ya mlango mkubwa wa ofisi ya serikali. Amesubiri pale mpaka mguu wake wa mti umeota mizizi kwenye mawe, umechipua matawi na majani, na ndege wawili wameshajenga kiota. Pembeni yake wanapita mabibi wenye miavuli ya lesi, mashemeji wa wakubwa, wanatoka mle ndani na funguo za maduka ya tumbaku, na hakuna hata mmoja anayemtupia jicho.

Paris nzima ya upande wetu ilikuwa imeshacheka tangu alfajiri. Mbele ya dirisha la muuza picha watu walikuwa wanakanyagana. Ilikuwa katuni kali, tena ya kweli, na mimi ninayewasimulia niliipaka rangi kwa mkono wangu.

Tatizo lilikuwa moja. Mguu ulioota majani ulikuwa wa kulia.

— Huyo ni wewe, baba, nikasema.

— Mimi? Mimi wa kulia ninao, umenileta hapa sasa hivi. Wa kushoto ndio niliouacha vitani Sevastopol, wewe ukiwa na miaka minane. Huyu ni mtu mwingine aliyeiba sura yangu. Fundi viatu ameniuliza, mbele ya watu, kama nina uhakika vitani nilikwenda.

Fundi viatu akainamia bakuli lake.

— Na aliyechora ni huyo Fulgence wako, baba akamalizia.

Fulgence wangu, ndiyo. Fulgence Mairesse, mchoraji wa katuni, mrefu, mwembamba, kucha nyeusi kwa wino hata siku ya sikukuu. Kesho yake Jumapili, saa sita mchana, alikuwa aje na glavu nyeupe kuniposa rasmi. Baba alikuwa ameshakubali nusu mdomo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, na kwetu msichana ambaye hajatimiza ishirini na moja haolewi bila ridhaa ya baba yake. Kwa hiyo furaha yangu yote ilikuwa imebaki kwenye saini moja.

— Mwambie asije, baba akasema. Nilisaini karatasi moja ya yule kijana, akanihamisha mguu. Ya pili sisaini.

Akaenda zake jikoni, kile kigogo kikigonga sakafu. Mguu wa kushoto.

Hiyo karatasi ya kwanza niwaeleze. Siku zile za Kaizari, mchoraji haruhusiwi kumchora mtu aliye hai bila barua ya mtu huyo mwenyewe. Wakaguzi wa serikali wanaisoma, na gazeti linauchapisha mwandiko wake chini ya picha, ili kila mtu aone kwamba mwenye sura amekubali. Wakubwa walikuwa wanakataa kwa furaha kabisa, ndiyo maana hawakuwa wanachorwa.

Baba naye alikataa. Fulgence akaja kunywa supu yetu wiki tatu mfululizo, na supu yetu, Mungu anisamehe, haikuwa ya kumvuta mtu wiki tatu. Baba alidhani kijana ana njaa. Mimi nilijua ana njaa ya nini.

— Utanifanya kichekesho, baba alimwambia.

— Hapana, Sajenti. Kichekesho ni wao. Wewe nitakuchora umesimama tu.

Baba aliifikiria ile "umesimama tu" kwa muda mrefu. Leseni ya duka la tumbaku serikali ilisema ni ya watu kama yeye, waliorudi vitani wamepungua. Kila Jumanne kwa miaka kumi na moja alipiga koti lake brashi, akavaa nishani, akaenda kuuliza faili lake limefika wapi. Na kila Jumanne karani alimjibu, mvumilivu hula mbivu, Sajenti. Mbivu zilikuwa zinaliwa, lakini na wengine. Hatimaye akachukua kalamu akaandika: "Namruhusu Bwana Mairesse anichore nilivyo. Garandeau."

Hayo maneno, "anichore nilivyo", yalikuja kututoa jasho.

Sasa nije kwenye dhambi yangu. Baba hapendi mguu wake utazamwe. Uso alitoa, masharubu alitoa, hata chunjua la shavuni Fulgence alilichora akiwa na kijiko mkononi. Lakini mguu, hapana. Na mchoraji alihitaji kuona jinsi uzito wa mtu unavyoegemea kigogo. Kwa hiyo Jumapili moja, baba akiwa kanisani, mimi nilikuwa karakana ya uchapaji ninakofanya kazi ya kupaka rangi, milango imefungwa, tuko wawili, nimepandisha sketi gotini na mpini wa ufagio umefungwa chini ya goti kwa mshipi wa Fulgence.

— Uzito uweke kwenye mti.

— Hivi?

— Hivyo hivyo. Usicheke, unatikisika.

— Sicheki. Na wewe unatazama mguu au unatazama nini?

— Natazama kazi.

— Kazi yako imevaa soksi.

Akatabasamu bila kuinua kichwa, akaendelea kuchora juu ya jiwe la kuchapia. Nilimpenda sana dakika ile. Nilimpenda kwa jinsi alivyokuwa anajilazimisha kutazama kazi.

Mnajua, au hamjui, kwamba picha ya kwenye jiwe hugeuka ikichapwa. Cha kushoto kinatoka kulia. Miaka minne nimekaa pale, sikuhitaji kuambiwa. Nikajiambia, mke mwema husaidia kabla hajaombwa. Ule ufagio nikaufunga goti la kulia, kimyakimya, ili Fulgence asipate taabu ya kugeuza, achore tu anavyoona. Naye, mkono wake umezoea kugeuza kila kitu tangu ujana, akageuza. Mimi nimegeuza, yeye amegeuza, na jiwe nalo likageuza la kwake. Kila mmoja alikuwa anamsaidia mwenzake.

Sikugundua. Mezani kwetu kila mwanamke ana rangi yake, anapaka na kumsukumia mwenzake. Yangu ilikuwa kijani. Nilipaka majani ya mguu wa baba karatasi baada ya karatasi, naona majani tu. Aliyegundua ni mama Palmyre, mkubwa wetu, mwenye nyekundu, alipokuwa anapaka utepe wa nishani.

— Honorine, mwanangu. Baba yako alipoteza mguu gani?

Nikaangalia, nikaweka brashi chini. Mafurushi ya kwanza ya magazeti yalikuwa yameshaondoka. Na jiwe lenyewe lilikuwa limeshasagwa, linangoja katuni ya wiki nyingine.

Basi Jumapili Fulgence alikuja vilevile, ingawa nilimpelekea habari. Glavu nyeupe, maua mkononi, uso mweupe kuliko glavu. Baba hakumkaribisha kiti.

— Ni kosa langu, Sajenti. Niligeuza vibaya.

Nikafungua mdomo. Fulgence akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Na mimi, kwa aibu yangu, nikaufunga.

— Vibaya vipi? baba akamuuliza. Nishani iko kushoto, panapostahili. Vifungo vya koti viko sawa. Chunjua langu liko kwenye shavu lake. Mkono uliokumbuka chunjua ukasahau mguu?

Jibu lilikuwa limesimama nyuma ya meza na aproni kiunoni.

— Nitachora upya, akasema. Wiki ijayo, ukurasa uleule, mguu wa kushoto, na msamaha wangu chini yake. Nahitaji tu barua nyingine yako.

— Barua nyingine.

— Sheria inataka hivyo. Picha mpya, barua mpya.

— Sisaini.

— Sajenti, bila saini yako siwezi kusahihisha.

— Basi sote wawili tuna jambo tusiloweza, baba akasema. Mimi siwezi kurudisha mguu, wewe huwezi kuniposea binti. Chukua maua yako.

Akayachukua. Alipofika mlangoni akagongana na fundi viatu aliyekuwa anasikiliza, akamwachia yeye.

Siku zilizofuata tuliandikiana vikaratasi, mama Palmyre ndiye posta yetu. Cha Fulgence kilifika Jumatatu asubuhi, kimekunjwa ndani ya kopo la rangi:

"Usiseme kitu. Akijua ulikuwa peke yako na mimi, sketi gotini, hatanikubali hata nikimrudishia miguu yote miwili. Niachie nibebe. F."

Nikamjibu: "Unabeba yako na yangu. Na mgongo wako naujua, hauna nyama. H."

Akarudisha kingine mchana uleule: "Kwa ajili yako upo wa kutosha."

Nilikisoma nikilia, machozi yakadondokea kijani, mama Palmyre akasema sasa nimeharibu na karatasi za watu.

Tungeweza kusubiri. Miezi saba ningetimiza umri wangu, na baba naye, kwa jinsi ninavyomjua, angepoa. Ila Alhamisi ilikuja barua ya ofisini. Baba aliisoma dirishani, akairudia, kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, jambo asilolifanya kamwe saa za kazi. Nikaichukua mkononi mwake.

"Kwa kuwa mwombaji amethibitisha gazetini, kwa saini yake, kwamba yuko kama alivyochorwa, na kwa kuwa faili lake linataja mguu wa kushoto, maombi yake yamesimamishwa. Mwombaji na mchoraji wafike Jumanne kueleza ni mguu upi."

— Wamenitoa kwenye foleni, baba akasema.

— Baba, utawaonyesha tu. Mguu unaonekana.

— Miaka kumi na moja, Honorine. Walikuwa hawana sababu ya kuninyima, ndiyo maana walikuwa wananiambia nisubiri. Sasa wamepewa sababu. Na hakuna mtu anayetoa kitu kama hicho bure.

— Unasema nini?

— Nasema kijana wako amelipwa. Kuna mtu mle ndani ananichukia, akamnunua yule mchoraji aniharibie faili. Jumanne nitayasema hayo mbele ya karani, na yaandikwe.

Nikaikunja ile barua, nikaitia kwenye mfuko wa aproni. Tuhuma kama hiyo, ikiandikwa na kupigwa muhuri, ilikuwa inampeleka mchoraji mahakamani. Wengi walikuwa wameshafungwa kwa michoro midogo kuliko ile. Na hata asipofungwa, gazeti gani litamchukua mtu aliyeuza kalamu yake? Halafu huyo Fulgence, nilivyomjua, angesimama pale aseme ni kosa langu, ni kosa langu, mpaka wamfunge pingu.

Nilimweleza mama Palmyre kila kitu, na ufagio ndani. Hakucheka, ingawa alitaka.

— Mficha uchi hazai, mwanangu, akaniambia.

— Mama Palmyre, ni goti.

— Basi goti. Lifiche uone litakalokuzalia.

Jumanne nikamshika baba mkono kwenda naye. Hakuuliza kwa nini nimeomba ruhusa kazini. Fulgence tulimkuta kwenye benchi la barazani, kofia magotini, akasimama tulipopita na baba akampita kama anapita nguzo. Fulgence akatufuata ndani. Ndani kulikuwa na karani wa kila Jumanne, mwenye mafua, meza yake, mwavuli wake ukutani, na mafaili mpaka darini. Baba hakungoja kuulizwa. Alipandisha suruali, akaunyanyua mguu wa mti, akauweka juu ya meza ya serikali.

— Upi huo?

Karani akautazama, akapenga kamasi, akafungua faili.

— Naona ni wa kushoto. Lakini saini hii ya gazetini ni yako?

— Yangu.

— Nayo inasema uko ulivyochorwa.

— Nilisaini kabla ya kuchorwa. Na nina neno la kuandikwa. Huyu mchoraji...

— Ni kosa langu, Fulgence akadakia.

Karani akamgeukia. Akamuuliza kama ni kweli kazi yake ni kuchora juu ya mawe, Fulgence akakubali. Akamuuliza kwa muda gani. Miaka tisa. Akamuuliza kama katika miaka hiyo tisa amewahi kugeuza mguu, mkono au upanga wa mtu yeyote. Hapana, hajawahi.

— Sasa huu ulikuwaje?

Fulgence akaizungusha kofia mkononi. Baba akavuta pumzi ya kusema lile neno lake, na mimi nikajua likishatoka halitarudi.

— Aliyekosea ni mimi, nikasema.

— Honorine, Fulgence akanong'ona.

— Wewe nyamaza, umeshasema vya kutosha ambavyo si vyako. Bwana karani, niazime mwavuli wako.

Alinipa, nadhani kwa mshangao tu. Nikauweka chini ya goti langu la kulia, juu ya sketi, nikasimama pale mbele ya mafaili nikawaeleza yote. Karakana imefungwa, Jumapili, baba akiwa kanisani. Mimi nimegeuza nikidhani namsaidia, yeye amegeuza kwa sababu ndiyo kazi yake, jiwe likamaliza. Nishani na chunjua alivichora bila mimi, ndiyo maana viko sawa. Penye mkono wangu tu ndipo palipoharibika.

Kilichosikika ni kalamu ya karani. Mtu yule alikuwa anaandika kila neno.

— Goti lilikuwa wazi? akauliza, bila kuinua macho.

— Andika kwamba kulikuwa na soksi.

Akaandika. Bila shaka mpaka leo liko huko, kati ya mafaili ya wastaafu, goti langu na soksi yake. Kisha pembeni ya picha ya gazetini akaandika "kushoto", akapiga muhuri, akamwambia baba kwamba maombi yamerudishwa kwenye foleni na majibu atayapata.

— Mvumilivu...

— Usimalizie, baba akasema.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Nilimsikia Fulgence nyuma yetu, hatua kama ishirini, akisimama tukisimama. Mvua ilianza kunyesha, baba hakuharakisha. Tulipoingia dukani alifunga mlango, Fulgence akabaki nje, na mimi nikasimama mbele ya baba yangu nikisubiri hukumu.

— Ulipandisha sketi mpaka wapi?

— Gotini, baba.

— Goti lipi?

— La kulia.

— Kumbe, akasema. Ndiyo maana.

Akajitahidi kukunja uso. Nikayaona masharubu yanatetemeka, kisha mabega, kisha yule mzee akacheka mpaka akashika meza. Nikacheka naye, kwa woga kwanza. Alipojipangusa macho kwa kitambaa cha meza nikaona kwamba si machozi ya kicheko tu.

— Nilitaka iwe amelipwa, akasema. Unajua kwa nini? Mtu akilipwa akuharibie, maana yake yupo anayekuogopa. Miaka yote ile nilijiambia nina adui mle ndani, siku moja nitamshinda. Kumbe sina. Leo yule karani nimemwekea mguu mezani, na nimekuwa nikimwona kila Jumanne, na bado ilibidi afungue faili ajue jina langu. Hawanichukii, mwanangu. Hawanijui tu.

Nilimsogelea. Nilimshika kichwa, nikakibana kifuani kwangu, kile kichwa kikavu chenye mvi, nikamwacha alie.

Baadaye akaniomba lile gazeti. Nilidhani atalichana. Alilinyoosha juu ya meza, akalitazama kwa muda mrefu, mkono umefunika mahali pa mguu.

— Tazama hii shingo, akasema. Hivi ndivyo ninavyosimama nikijifanya sijachoka. Nani alimwambia?

— Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anakutazama ukigawa supu.

— Nilidhani anakutazama wewe.

— Na mimi nilidhani hivyo.

Akaendelea kutazama. Mvua ilikuwa inapiga kioo, na upande wa pili wa kioo Fulgence alikuwa amesimama bila mwavuli, kofia bado mkononi, nafikiri alikuwa ameisahau.

— Amekosea mguu, baba akasema polepole. Mimi hakunikosea. Mwite aingie kabla hajafa, tutadaiwa maiti.

Akaingia, maji yanamchuruzika. Baba alimwacha aloweshe sakafu.

— Unampenda binti yangu?

— Ndiyo, Sajenti.

— Kiasi cha kwenda jela kwa ajili ya ufagio?

— Sikufikiria mbali hivyo.

— Najua. Mngekuwa mnafikiri, hata mmoja wenu, mguu wangu ungekuwa mahali pake. Keti, Honorine atakupa supu.

Fulgence akaketi. Vidole vilikuwa vimemganda kwa baridi, nikamshikia bakuli, na baba akajifanya anahesabu vijiko.

— Kuna jambo moja, baba akasema akiwa ametupa mgongo. Niliapa sitasaini karatasi nyingine ya kijana huyu, na kiapo changu sikivunji. Lakini sheria haisemi lazima ridhaa iandikwe. Mzazi akifika mwenyewe mbele ya meya, anatamka kwa mdomo. Nitakuja kutamka.

Mimi sikusubiri neno la pili. Nilimbusu Fulgence mbele ya baba, mbele ya fundi viatu aliyekuwa dirishani, na supu ikamwagika yote.

Tulifunga ndoa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule. Mama Palmyre alinifunga shela, akanionya nisimsaidie mtu yeyote kitu chochote mpaka jioni. Ofisi ya meya ilikuwa imejaa, mafundi wote wa karakana, wateja wetu wote, fundi viatu na mke wake. Meya alikuwa bwana mnene mwenye haraka, mkanda wa rangi tatu umemkaza tumboni, na mlangoni wachumba wengine watatu walikuwa wanangoja zamu. Akasoma sheria mbiombio, akatuuliza sisi, tukajibu. Akamgeukia baba aliyekuwa kwenye kiti cha mbele, na nishani yake.

— Bwana Garandeau, baba wa bibi harusi, unaridhia ndoa hii?

Baba hakujibu.

Meya akakohoa. Akatazama saa. Nyuma yetu watu wakaanza kunong'ona, Fulgence akanibana vidole mpaka vikaniuma.

— Bwana Garandeau, tunakusubiri.

Nikamgeukia baba yangu, nikamwona macho, nikaelewa, nikainamisha kichwa nisicheke kwa sauti. Serikali ilikuwa imesimama mbele yake na mkanda wake tumboni, inamngoja yeye, na yeye ndiye aliyeketi. Aliiacha ingoje. Akanyoosha mguu wa mti, akapapasa goti. Akapangusa masharubu upande mmoja, akahamia wa pili. Meya alishahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule mara mbili.

Kisha baba akanyanyuka mwenyewe, bila kushikwa mkono, akanitazama mimi na si meya.

— Naridhia, akasema. Kwa moyo wangu wote.